MWEMBE WA UANI: TUUTUNZE KABLA HAUJAMVUNJA MTOTO



Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Mwembe uliooteshwa kwa kokwa miaka ile ya mwanzo leo ni mti mkubwa kuliko nyumba. Chini yake mama anachambua maharage, wazee wanazungumza, watoto wanacheza. Embe lililoiva lina vitamini A, ambayo hulinda macho. Lina pia vitamini C, ambayo huusaidia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga.

Mti huo huo, ukiachwa bila kutunzwa, huleta msiba. Tawi kavu huangukia paa au mtu. Mtoto hufuata embe la juu, anateleza, anavunjika mkono au anaumia kichwa. Mengi ya haya tunaweza kuyazuia.

Ukague mti kabla ya mvua

Mvua za Kigoma zinapokaribia, uzunguke mti wako ukitazama juu. Tafuta matawi yasiyo na majani, yaliyopasuka kwenye panda, au yaliyolalia paa. Tawi lililokufa liondolewe wakati wowote, usingoje upepo.

Tazama na chini. Usichimbe udongo wa matofali karibu na shina: mizizi ikikatwa, mti mkubwa huanguka, na shimo likijaa maji huzalisha mbu. Usiwashe moto shinani. Waya wa kuanikia nguo na kamba ya mbuzi visikaze gome, kwa maana chakula cha mti hupita humo.

Upunguze mara baada ya mavuno

Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi. Ukikata matawi mabichi maua yakiwa karibu kutoka, umekata maembe ya msimu ujao. Kwa hiyo kata mara tu mavuno yanapoisha. Punguza kidogo kidogo, msimu hata msimu, usizidishe robo ya matawi. Mti uliovuliwa majani yote huungua gome kwa jua.

Kabla ya kukata tawi kubwa, mweleze kiongozi wa kijiji chako na jirani zako. Tumia msumeno, na watoto wawe mbali. Kwanza kata kidogo kwa chini, kama nusu mita kutoka shinani. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi lianguke bila kuchana gome la shina. Mwisho ondoa kipande kilichobaki, lakini uache ule uvimbe mdogo ambapo tawi linaungana na shina. Hapo ndipo jeraha linapojifunga. Utomvu wa mwembe hubabua ngozi, basi nawa mara moja kwa maji na sabuni.

Watoto wasipande

Gome lililolowa huteleza, na tawi la mwembe linaweza kukatika ghafla. Chumeni mkiwa chini, kwa mti mrefu wenye kulabu na kimfuko. Kumkataza mtoto peke yake hakutoshi. Mtoto mwenye njaa atapanda. Mkubwa achume mapema na kuwagawia, pamoja na watoto wa jirani.

Ngurumo zikisikika, msijikinge chini ya mti. Ingieni ndani.

Okoteni yaliyoanguka

Maembe yaliyooza huzalisha nzi, na nzi hubeba uchafu kutoka chooni hadi kwenye sahani. Okota kila siku. Yenye funza yafukie kwa kina cha nusu mita, ukishindilia udongo, ili nzi wa matunda wasitoke kuharibu mengine. Osha embe kwa maji safi, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mtu akianguka

Akilalamika shingo au mgongo, au asipoweza kusogeza miguu, msimwinue wala kumketisha. Asisogezwe. Tumeni mtu mbio akawaite wahudumu wa afya. Mkono ukivunjika, msiuvute wala kuukanda. Ufungeni kwenye ubao au kijiti, kama ulivyo, bila kukaza sana, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyegonga kichwa akitapika, akisinzia kupita kawaida au akichanganyikiwa, asilazwe nyumbani hata kama hana jeraha. Apelekwe mara moja.

Kumbuka: kivuli na maembe ni vya familia nzima, na matunzo ya mti pia ni ya familia nzima. Leo jioni, kabla jua halijazama, toka nje uutazame mwembe wako.