Poda ikitoka ku kichwa, ndipo kazi inaanza

Siku matokeo ya mutihani wa Serikali yanatoka, Lubumbashi hatusikilizani. Telefone zinalia, filimbi zinalia, mama anatoka mbio na boksi ya poda, anamumwangia mutoto wake tangu ku kichwa mpaka ku mabega, na batoto ya avenue wanamufuata nyuma na kelele. Hata mutu asiyemujua anasimama anamupa mukono. Diploma ya Serikali mu inchi yetu si karatasi ndogo. Kuko nyumba ambamo ndiyo ya kwanza tangu wakati wa nkambo.

Kisha poda inaoshwa, na swali linabaki: sasa utasoma nini, na makuta itatoka wapi?

Vijana wengi wanafika ku inivesite bila kulijibu. Wanaingia fakilte ile baba mukubwa alichagua, ao ile rafiki yao alichagua, ao (tuliona kwa macho yetu) ile ambayo mulolongo wake ulikuwa mufupi siku ya kujiandikisha. Mwaka unaisha, franga za wazazi zimeisha pia, na mutoto anarudi nyumbani kusema hakujua ya kuwa ile fakilte ni vile.

Mu lupango yenye kupakana na yetu, hapa Katuba, kuko binti mumoja ambaye tulimuona akipita ile njia polepole. Jina lake tunaliacha, hakuomba kuandikwa mu gazeti. Alimaliza humanites ya biochimie, akapata asilimia 61. Siku ya poda, papa yake, ambaye ni dereva wa kamyo ku barabara ya Kasumbalesa, akasimama mbele ya wageni na chupa mukononi akatangaza: huyu atakuwa munganga. Wote wakapiga makofi. Yeye hakusema kitu. Kwetu, mutoto hamujibu papa yake mbele ya wageni.

Mwezi wa kumi haujafika, kamyo ikaharibika motere. Feza ya kujiandikisha ikaenda mu vipuri. Binti akaambiwa angoje mwaka ujao.

Mwaka kama ule watu wanauita mwaka wa bure, na hatutaki kuusifu. Wengi wenye kungoja hawaendi tena. Kijana anaingia mu kazi ya kuchimba ao ya kubeba mizigo, anaanza kushika makuta kidogo, na vitabu vinakuwa mbali. Kwa binti ni mubaya zaidi: akikaa nyumbani miezi sita, jamaa zinaanza kuja na maneno ya ndoa. Kwa jirani walifika mu mwezi wa tatu, watu wa heshima, na kijana wao eko na kazi ku kampuni ya mine. Mama mutu alikuwa tayari kusikiliza. Aliyeokoa mambo ni mama mudogo, mwenye kuuza vitenge ku soko. Aliomba wageni wangoje mpaka mwaka wa masomo uanze. Kama mutoto haingii inivesite, wanaweza kurudi. Basi yule binti akawa na miezi saba mbele yake, na alijua vizuri iliyokuwa ikimungoja nyuma yake.

Makuta ya kwanza alikuwa amekwisha kuitafuta. Mu mwezi wa kumi na moja mama mudogo alimukopesha, akanunua vifaranga makumi tano vyenye kutoka Zambia, kama mayai na unga mwingi tunaokula hapa. Alivifuga mu chumba kidogo nyuma ya nyumba, na taa usiku kucha wakati umeme uliporudi, na makala wakati haukurudi. Juma la nne, kuku zikaanza kuhema na mudomo wazi. Zingine zikapinda shingo kama mutu mwenye kuangalia nyuma. Kwa siku sita zikabaki kumi na moja.

Majirani walisema ni jicho la mutu. Hata sisi, tuseme ukweli, tulifikiri vile kidogo. Yeye alitia kuku mumoja aliyekufa mu sashe, akapanda teksi-bisi, akampelekea munganga wa nyama. Yule bwana alimupasua kuku mbele yake, akamuonyesha damu iliyotapakaa mu tumbo dogo, akamuambia: hii ni ugonjwa wa Newcastle. Dawa ya kuuponya hakuna. Chanjo iko, unaitia mu maji ya kunywa ao tone mu jicho, vifaranga vikiwa vingali na siku chache. Bei yake kwa kuku makumi tano haifiki bei ya kuku mumoja.

Alirudi nyumbani akakaa ku jiwe mbele ya mulango. Siye kuku tu zilizomuuma. Alikuwa amesoma biochimie miaka yote ile, alijua kuandika neno virusi na kulieleza mu Kifaransa, na hakuwaza hata mara moja ya kuwa lile neno linaweza kuingia mu chumba cha nyuma ya nyumba yao. Siku ile alinunua kaye. Vifaranga vya pili vilikuwa makumi tatu, akaandika kila kitu: siku ya chanjo, kilo za chakula, yenye kufa, yenye kuuzwa. Zilibaki makumi mbili na nane.

Tunaeleza mambo ya kuku kwa urefu juu ndipo hapo alianza kuuliza swali la kweli. Hakuuliza tena "nitakuwa nani?", aliuliza "nani anasomea hii kitu, na wanamufundisha nini?" UNILU iko na fakilte ya bunganga bwa nyama, na yeye, mutoto wa Lubumbashi, alikuwa anapita karibu bila kujua. Wazee wetu hawakuwa na bahati ya kuchagua vile. Wakati wa UNAZA, kati ya 1971 na 1981, inivesite zote tatu za inchi ziliunganishwa, na fakilte uliyoichagua ndiyo ilikuchagulia muji: barua na sayansi za jamii Lubumbashi, bunganga na sheria Kinshasa, saikolojia na ualimu Kisangani. Leo mutu anaweza kusoma mambo mengi bila kuacha muji wao, lakini tunachagua kama vile hakuna kitu cha kuangalia.

Yeye alienda kuangalia. Alivaa vizuri, akaingia mu oditoriumu ya mwaka wa kwanza, akakaa nyuma. Watu ni wengi, profesa anasema mbio mu Kifaransa, hangoji mutu. Akitoka pale alikuwa na mistari tano tu mu kaye, na mbili hakuzielewa. Alituambia aliona haya ya kuwa na diploma.

Hii haya inafaa kuifikiri. Mutihani wa Serikali, zile siku ine za mwisho, unamupa mutoto maswali na majibu, achague moja. Wengi wanajifunza kuchagua, na wengine, tunajua, wanajifunza kungoja mutu awaletee majibu. Ku inivesite unapewa karatasi nyeupe. Tena, tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mupango wa LMD umeingia. Hakuna tena ile "graduat" ya miaka tatu tuliyoijua. Mutu anaanza ku licence ya kwanza, mwaka umekatwa semesta mbili, na inapashwa kukusanya kredi 60 kwa mwaka. Na ile kredi haihesabu tu saa za kukaa mbele ya profesa, inahesabu pia saa za kusoma peke yako. Mwanafunzi mwenye kungoja kuandikishwa notsi tu ameisha kupoteza sehemu ya masomo.

Basi miezi ile iliyobaki alijitayarisha. Asubuhi kuku. Mchana, kazi ku duka la fotokopi, ambako walimulipa kidogo lakini alijifunza ordinatere, jambo ambalo hakulifanya ku masomo isipokuwa ku ubao. Magaribi alirudilia kemia yake, safari hii akijaribu kumueleza mudogo wake mu Kiswahili: kama mudogo haelewi, anajua hata yeye hajaelewa. Na Kifaransa: anafungua radio, anaandika habari mbio anavyozisikia, kisha anasoma alichoandika. Tulikuwa tunamucheka mbele ya kuelewa ni mazoezi ya oditoriumu.

Mambo ya karatasi hayana utamu lakini yanaangusha watu. Diploma ao atestasio, mabiletini ya miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, picha: uvitafute mbele, na uangalie jina lako limeandikwa namna moja popote. Herufi moja tu ikigeuka, unaweza kuzunguka mu biro juma zima. Feza inalipwa ku banki na bordero unaishika wewe mwenyewe. Mutu akikuambia mbele ya mulango kwamba atakuingizia dosie upesi, mupite. Kuko pia fakilte zenye kupitisha mutihani wa kuingia. Tarehe yake inabandikwa ku ukuta, haikufuati nyumbani.

Ikabaki papa. Alimungoja arudi kutoka mupaka, akamupikia, akamuonyesha.

– Munganga wa nyama? Ile nyama wanatundika ku soko?
– Ya muzima, papa.
– Na wageni wote waliosikia?

Hakubishana. Alimupa kaye. Papa mwenyewe anapakia trei za mayai ya Zambia mu kamyo kila juma, anajua bei kuliko sisi wote. Alisoma hesabu, akauliza juu ya chanjo, akauliza mara ya pili. Kisha akafunga kaye akaenda kulala. Juma mbili hakusema kitu, na mu nyumba ile watu walitembea polepole. Siku moja akaacha feza ku meza, nusu, akasema nusu ingine itoke ku kuku.

Sasa eko mu mwaka wa kwanza. Semesta ya kwanza haikuwa nyepesi: fizike ilimushinda, ataifanya tena. Anaamuka saa kumi na nusu ya usiku kwa ajili ya kuku mbele ya kutafuta bisi, na wakati mwingine anafika amechelewa, anasimama nyuma. Wale wa ndoa hawajarudi.

Papa yake, tunasikia, anawaambia madereva wenzake kule Kasumbalesa kwamba binti wake anasomea bunganga. Bunganga gani, hasemi.