Hakuna Sabuni ya Paipu ya Mvuke

Swali ni lile lile, liwe limetoka kwa dereva wa Lubumbashi au wa Tanga: "Fundi, paipu ya mvuke imeliwa na kutu, nipake sabuni gani?" Linaulizwa hapa Joubert Park, Johannesburg, gari limepandishwa jeki mtaa mmoja kutoka stendi ya Noord, na muulizaji tayari ameshika kipande cha kijani. Wapo hata wanaobishana ipi bora, hiyo ya dukani hapa au ya mche iliyotoka nyumbani. Jibu ni hakuna, na mjadala wenyewe umenichosha.

Nakubali, sabuni haikuzushiwa sifa zote. Haiyeyuki kwenye petroli, kwa hiyo tanki likitobolewa na jiwe mbali na gereji, ukisugua sabuni kwenye tundu matone yanakatika na unafika mjini. Ila ni dawa ya kufikia mjini, watu wameigeuza tiba ya mwaka mzima. Sabuni ya kipande ina maji ndani yake. Ikikauka inasinyaa na kupasuka, na kwa ukavu wa Julai wa Johannesburg haichelewi. Mvua za Novemba zikianza, inaoshwa. Kwa muda wote uliobaki katikati imekumbatia unyevu juu ya chuma ambacho tayari kina kutu.

Na hapo nazungumzia tundu la tanki, mahali inapojitahidi. Paipu ya mvuke haidondoshi kitu. Kazi yake ni kutoa mvuke wa petroli juu ya tanki na kuufikisha kwenye kanista ya mkaa. Gari likitembea, vali inafunguka na injini inaunyonya mvuke huo ili uchomwe. Jua likipiga tanki, paipu inasukumwa kutoka ndani. Vali ikifunguka, inavutwa. Sabuni uliyopaka haikushika chuma hata kidogo. Imeshika magamba ya kutu, nayo yanabanduka. Gundi ya epoksi juu ya magamba hayo hayo inakufa kifo hicho hicho, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Kinachonikera ni kwamba dereva haoni tone chini ya gari, basi anajihesabu amepona. Atauona wapi mvuke? Ni mzito kuliko hewa kama mara tatu, unatambaa chini kama paka mwizi, na ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, cheche inatosha. Pale kona ya mitaa ya Twist na Wolmarans unapoegesha, mama anachoma mahindi kwa mkaa hatua chache kutoka kwenye bampa lako.

Mkaidi akinyang'anywa sabuni huja na hoja ya pili: "Basi niizibe moja kwa moja kwa boliti." Tanki lazima lipumue, na huku nyanda za juu lazima zaidi. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Durban. Ziba paipu hapa, kisha shuka na barabara ya N3 hadi huko pwani: kwa hesabu ya juu juu, ubavu wa tanki wa sentimita 50 kwa 50 utakandamizwa kwa uzito wa zaidi ya kilo 400. Mfuniko wa tanki ulio mzima una vali ya kuingiza hewa inayookoa hali hiyo. Wako, kwenye gari la miaka 25, unajua kama bado inafanya kazi? Ikiwa imekwama, pampu inavuta mafuta kwa taabu na gari linakufa njiani. Ukipanda kutoka Durban mambo yanageuka, na mvuke unakurukia usoni unapofungua mfuniko.

Haya, la kufanya. Injini iwe baridi, betri imechomolewa, tanki karibu tupu, gari nje mbali na moto, kizimamoto karibu. Usichomelee chochote. Kama kutu iko sehemu moja, kata hadi kwenye chuma safi, unga kwa mpira wa petroli wenye maandishi SAE J30R7 na klipu mbili. Mpira wa maji au wa hita utalainika. Kama magamba yamefuata kila kishikio, toa paipu yote, weka ya aloi ya shaba na nikeli au ya nailoni ya mafuta, tundu la ndani likiwa na upana ule ule. Pima kwa mashine ya moshi na shinikizo dogo, kama nusu psi, si kompresa ya matairi. Hakikisha kwanza umeshika paipu sahihi: kwa kawaida ya mafuta, ya kurudisha na ya mvuke hupita sambamba, na ile ya mafuta kwenye gari la injekta ina shinikizo la baa tatu hivi, haitaki J30R7 kabisa. Jiji hili halina bahari wala chumvi ya barabarani, kwa hiyo kutu nyingi kiasi hicho hunifanya niulize gari liliishi wapi. Likiwa limekaa pwani miaka mingi, angalia paipu ya breki kabla hujalishusha kwenye jeki.