Kupiga Picha Penye Mwangaza Haba



Katika Ramadhani ya mwisho ya uhai wake, marehemu mama yangu alifuturu nasi uani, wajukuu wake wote wakimzunguka. Niliitoa simu, nikapiga picha moja kwa haraka, nikarudi kwenye uji wangu. Leo hiyo ndiyo picha pekee iliyowakusanya wote, na uso wa mama ndani yake ni ukungu mtupu. Naandika haya ili majuto kama hayo yasiifike nyumba yako.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manadhir kwamba jicho huona kwa nuru inayoliingia kutoka kwenye kitu. Kamera nayo ni vivyo hivyo. Nuru ikiwa haba, huhitaji muda mrefu zaidi kuikusanya, na katika muda huo mkono ukitetemeka au mtoto akigeuka, picha huharibika. Basi dawa ni mbili: kuongeza nuru na kutulia.

Tuanze na nuru. Futa lenzi kwa kitambaa laini, kwani mafuta ya sambusa yaliyobaki vidoleni huifanya kila taa ionekane kama wingu. Zima taa ya kamera, kwa kuwa huzipausha nyuso zilizo karibu na kuyaacha ya nyuma gizani. Badala yake, mwambie mwenzako aelekeze tochi ya simu nyingine kwenye ukuta mweupe, nuru irudi kwa upole. Anayepigwa picha aielekee taa, asiipe mgongo.

Kisha utulivu. Bana viwiko mbavuni, au iegemeze simu kwenye nguzo. Tumia kihesabu muda cha sekunde 3, ili kidole kisiitikise. Simu yenye mpangilio wa usiku huwafaa watu walioketi kimya. Usiisogeze mpaka imalize. Kwa watoto wasiotulia, ongeza taa. Usiikuze picha kwa vidole. Sogea karibu kwa miguu yako. Tumia kamera ya nyuma, ambayo kwa kawaida hupokea nuru nyingi kuliko ya mbele. Gusa uso wa mtu kwenye kioo ili kamera iulenge, na upige mara 3 au 4, uchague iliyo bora.

Limebaki la adabu, nalo ni zito kuliko yote. Usiku wa harusi, mwanamke aliyevua buibui mbele ya wenzake amewaamini. Omba idhini yake kabla ya kumpiga, na picha hiyo isitoke simuni mwako. Picha ya siri, hata ingekuwa safi namna gani, ni dhuluma.

Ikiwa mzazi wako yu hai, mwombe leo baada ya Isha aketi karibu na taa, nawe umpige picha bila pupa. Haraka haraka haina baraka.

Wabillahi tawfiq.