Mapenzi na Ahadi



Wahenga walisema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Tena wakasema kwamba ahadi ni deni. Watu huzitaja methali hizi mbili mbali mbali, kana kwamba hazina uhusiano. Leo twapenda kuziweka pamoja, kwa kuwa vijana wengi wa siku hizi wana kikohozi kile, lakini hawana deni hili. Wapendana kweli kweli, na mtaa mzima wajua. Walakini hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake, mbele ya mtu wa tatu, kwamba amekusudia nini.

Kwa desturi za makabila mengi ya nchi zetu, mapenzi ya watu wawili hayakuachwa yaende yenyewe. Mshenga alitumwa, posa ikapelekwa, kishika uchumba kikatolewa, na mahari ikatajwa. Hatusemi kwamba mambo yote ya zamani yalikuwa mema, maana mabinti wengi waliozwa bila ya kuulizwa. Lakini desturi hiyo ilikuwa na faida moja kubwa, nayo ni kwamba kila hatua ilikuwa na mashahidi. Siku hizi kijana huondoka kwao kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam au Mwanza; hukutana na mwenzake huko, hupanga chumba kimoja ili kupunguza gharama, na wazee wa pande zote mbili huenda wakapata habari baada ya mtoto kuzaliwa. Mapenzi yapo, ila shahidi hayupo.

Yafaa basi tueleze sheria yasemaje juu ya watu wa namna hii. Katika Tanzania Bara mambo haya hutawaliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu muda wote wa maisha yao. Tazameni maneno mawili yaliyomo: hiari na kukusudia. Sheria haikutaja mapenzi, kwa sababu hakimu hawezi kuyapima. Lakini kusudi laweza kusemwa, kusikiwa, na kushuhudiwa.

Watu wengi huamini kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2, basi wamekwisha kuwa mume na mke. Hivyo sivyo. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo chasema kwamba wakithibitishwa kuwa wamekaa pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawajue kuwa mume na mke, hapo itadhaniwa kuwa wamefunga ndoa. Neno lenyewe ni kudhaniwa, na dhana yaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Mwenzako akisimama barazani na kuthibitisha kwamba hapakuwa na ndoa, dhana ile huanguka. Hata hivyo sheria haikumwacha mwanamke mikono mitupu, kwani aweza kuomba matunzo yake na ya watoto waliozaliwa. Lakini kuomba matunzo si sawa na kuwa mke.

Nchini Kenya nako jambo hili lilifika Mahakama ya Juu, nayo ilitoa hukumu yake Januari 2023. Watu wawili walikuwa wamekaa pamoja zaidi ya miaka 20, na mwanamume akadai sehemu ya nyumba kwa hoja kwamba walikuwa mume na mke. Majaji walikataa kuidhani ndoa, kwa kuwa mwanamke alikuwa na ndoa nyingine. Wakasema pia kwamba dhana ya namna hiyo itumike kwa nadra tu. Walakini, kwa kuwa mwanamume naye alichangia kuipata mali ile, walimpa asilimia 30, na mwanamke asilimia 70. Twajifunza hapa kwamba si wanawake peke yao wapatao hasara kwa ndoa isiyotamkwa.

Sasa turudi kwenye uchumba. Sheria ile ya mwaka 1971 yamruhusu mtu aliyeahidiwa ndoa, kisha ahadi ikavunjwa, kudai fidia ya hasara aliyoipata. Vile vile zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa zaweza kudaiwa kama ndoa haikufungwa. Lakini hakuna mahakama iwezayo kumlazimisha mtu aoe au aolewe kwa sababu aliahidi. Hapo sheria imefanya busara, maana deni la fedha hulipwa hata kwa moyo mzito, ila deni la moyo halilipwi kwa kushurutishwa.

Wako watakaosema, "Sisi twapendana, karatasi haiongezi mapenzi." Hayo ni kweli. Lakini karatasi haikuwekwa kwa ajili ya siku za mapenzi, imewekwa kwa ajili ya siku ya ugonjwa, siku ya ugomvi na siku ya msiba, wakati ndugu wa marehemu wanapofika na kuuliza, "Wewe ni nani hapa?" Apendaye kweli hapendi mwenziwe aulizwe swali hilo akose la kujibu.

Wengine huchelewa kwa kuogopa gharama za arusi. Hawa twawaambia kwamba sheria haidai karamu, wala gari, wala ukumbi. Yadai ridhaa ya wote wawili, taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, mfungishaji mwenye mamlaka, na mashahidi wasiopungua 2. Ndoa yaweza kufungwa kiserikali, kidini, au kwa mila. Karamu yaweza kungoja mavuno. Lakini mtoto aliye tumboni na maradhi yasiyotazamiwa havingoji.

Basi kwa wale walio katika hali hii leo, twashauri mambo mawili. Kwanza, ulizaneni waziwazi, "Tumekusudia nini, na lini?" Asiyetaka kujibu amekwisha jibu. Pili, jibu likiwa jema, lisemeni mbele ya wazee wa pande zote mbili, kisha mwende kwa mfungishaji. Kikohozi hujulikana chenyewe bila ya msaada wa mtu, lakini deni lisilo na shahidi ni rahisi kukanwa.