Wateja Wawili, Meli Mbili, Kosa Langu Moja

Leo sina somo la kupiga picha za bidhaa wala la kulipia tangazo. Nina stori ya jinsi nilivyompoteza mteja mzuri kwa sababu nilituma picha kabla ya kuuliza swali. Stori inapita kwenye meli za kitalii za Marekani na Uingereza, lakini vumilia, mwisho wake itafika dukani kwako.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi nauza nguo za vitenge na magauni ya kushona. Vitambaa nachukua Kariakoo, nina mafundi wawili, na oda zangu zinaingia Instagram na WhatsApp. Sehemu ya wateja wangu ni ndugu zetu walioko nje, na hao ndio wanaolipa bila kuzungushana.

Mwaka jana, ndani ya wiki moja, dada wawili walioko Marekani waliniandikia karibu maneno yale yale: "Dada, tunakwenda kutalii na meli, nataka nguo."

Kichwani mwangu nikaona picha moja tu: familia, bahari, watu wamevaa sare. Nikawatumia wote wawili katalogi ile ile ya "mama na mtoto", picha nane, na emoji za meli juu yake.

Wa kwanza alifurahi sana. Akaagiza sare ya watu watano: yeye, mumewe, watoto wawili na mama yake mzazi. Wa pili alisoma, tiki zikawa za bluu, kimya. Siku ya tatu akajibu: "Dada yangu, hii meli tunayopanda haipokei watoto kabisa. Ndiyo maana tumeichagua. Nilikuwa nataka gauni jekundu la usiku mmoja. Asante, nimeshapata kwingine."

Nilimpigia kumwomba radhi. Ndipo akaniambia. Ana miaka tisa kwenye ndoa na hawajajaliwa mtoto. Kila harusi, kila simu ya nyumbani, swali ni lile lile: "Lini tutakula ubwabwa wa mtoto?" Yeye na mumewe walitafuta wiki moja tu ambayo hakuna atakayewauliza. "Halafu na wewe dada ukanitumia mama na mtoto, picha nane."

Sikuwa na la kusema. Huyu dada ndiye aliyeniletea wateja wangu wanne wa kwanza wa Marekani. (Ameniruhusu nisimulie, ila bila jina lake.)

Basi nikakaa chini nikaanza kusoma kuhusu hizi meli. Nilitaka kujua kwanza: inakuwaje kampuni ya meli inamwambia mteja mwenye hela mkononi, "mtoto wako hapana"? Nilichokikuta kimenifundisha biashara kuliko semina nyingi nilizolipia.

MELI ZA FAMILIA ZINAUZA NINI

Chukua Disney Cruise Line, ambayo meli yake ya kwanza, Disney Magic, ilianza safari mwaka 1998. Ukidhani wanauza Mickey Mouse peke yake, utakuwa umeona nusu. Wanamuuzia mzazi unafuu.

Vyumba vyao vingi vina sehemu mbili za maji: moja ina choo na sinki, nyingine ina sinki na sehemu ya kuogea. Mtu asiye na watoto hawezi kuona maana yake. Mama mwenye watoto wawili wanaotakiwa kuwa mezani baada ya nusu saa anaiona papo hapo.

Chakula cha jioni nacho kina mpango wake. Familia inahamishwa mgahawa mmoja hadi mwingine kadiri siku zinavyokwenda, na wahudumu wale wale wanahama nayo. Kwa hiyo mhudumu anayekuja mezani usiku wa tatu anaijua familia yako, huanzi upya kumweleza mtoto gani hali nini. Kuna vilabu vya watoto kwa rika: wadogo kwao, vijana kwao, na gharama yake imo ndani ya nauli. Wachanga wana sehemu yao ya kulelewa, hiyo inalipiwa kwa saa. Na kasino hakuna. Kampuni nyingi kubwa za meli zinaingiza hela kwenye kasino, Disney wameiacha makusudi kwa sababu haiendani na mtu wanayemhudumia.

Sasa angalia hapa. Ndani ya meli hizo hizo za watoto kuna bwawa la wakubwa tu, na mgahawa unaoitwa Palo ambao mtoto haingii. Kwenye kisiwa chao cha Bahamas, Castaway Cay, kuna ufukwe wa familia na ufukwe mwingine wa wakubwa peke yao. Wanajua kwamba hata mzazi anayempenda mwanawe kuliko roho yake anahitaji saa mbili za kupumua.

MELI ZA WATU WAZIMA SI AINA MOJA

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, maana nilidhani "watu wazima" ni kundi moja.

Meli ya dada yangu yule ilikuwa ya Virgin Voyages, kampuni ya akina Richard Branson, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2021. Chini ya miaka 18 hupandi. Hawana bufee ile kubwa ya kujipakulia iliyozoeleka melini, wana sehemu za kula zaidi ya 20 na chakula chake kimo ndani ya nauli. Kuna muziki mpaka usiku mwingi, kuna hata sehemu ya kuchora tatuu. Na kila safari wana usiku mmoja unaoitwa Scarlet Night, meli nzima inavaa nyekundu. Nyekundu! Gauni aliloniomba lilikuwa la usiku huo. Ningeuliza swali moja tu ningejua.

Sasa nenda kwa Viking. Nao hawapokei chini ya miaka 18, na kasino hawana pia. Lakini kule hutakuta shamrashamra za usiku wa manane. Meli zao za baharini ni ndogo, watu kama 930 hadi elfu moja hivi. Wasafiri wao wengi ni watu wa makamo na wastaafu wanaopenda historia, na kuna mihadhara kuhusu miji wanayokwenda kuiona. Kila bandari kuna ziara moja ambayo tayari imo ndani ya nauli. Huyu naye ni mtu mzima asiyetaka kelele za watoto, lakini ukimuuzia gauni la Scarlet Night atakushangaa.

Halafu kuna Saga ya Uingereza, ya wenye miaka 50 na kuendelea (mwenza anaruhusiwa kuwa mdogo kidogo). Chanzo chake nimekipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwenye hoteli mmoja wa mji wa Folkestone, Sidney De Haan, alikuwa na tatizo tunalolijua wote: msimu ukiisha, wateja hakuna. Familia zinakuja wakati wa likizo, shule zikifunguliwa hoteli inabaki tupu. Akajiuliza, nani hafungwi na ratiba ya shule? Wastaafu. Akawaandalia safari za bei nafuu nje ya msimu. Kutoka kwenye vyumba vile vilivyokosa watu ndipo kampuni ilipokua hadi kuwa na meli zake.

WANAOUZIA WOTE WANAFANYAJE?

Najua unachowaza: "Dada, mimi mtaji wangu mdogo, siwezi kumkataa mtu." Hata mimi siwezi. Tuwatazame wanaopokea wote.

Icon of the Seas ya Royal Caribbean ilianza safari Januari 2024 kutokea Miami. Ina sitaha 20 na uwezo wa kubeba abiria wanaokaribia 7,600 ikijaa. Mji mzima huo. Lakini wameugawa kwa mitaa minane. Mmoja unaitwa Surfside, wa familia zenye watoto wadogo: michezo ya maji, chakula na sehemu ya mzazi kukaa, vyote karibu ili asihangaike kuzunguka meli nzima. Mtaa mwingine, The Hideaway, una bwawa la wakubwa tu. Meli ni moja, milango ni tofauti.

P&O Cruises ya Uingereza wao wametenganisha kwa meli. Iona na Arvia zinapokea familia. Arcadia na Aurora ni za wakubwa tu. Tena P&O iko chini ya Carnival Corporation, ambayo ndiyo yenye Carnival, kampuni ya meli za familia na vijana za Marekani. Mfuko ni mmoja, lakini mteja wa Arcadia hatumiwi picha za watoto wakiteleza kwenye maji.

Na nyingi ya kampuni hizi zina kitu kimoja sawa. Unapotaka kukata tiketi, kabla hujaoneshwa bei kamili ya chumba unaulizwa: mko wangapi? Wenye mabilioni wanauliza kwanza. Mimi mwenye mafundi wawili nilikuwa nakisia!

TUANGALIE BEI NA MSIMU

Nauli ya meli kwa kawaida hupangwa kwa watu wawili ndani ya chumba. Wa tatu na wa nne wakilala chumba hicho hicho, mara nyingi wanalipa pungufu. Kwa hiyo mama wa familia anapiga hesabu ya jumla: watu wangapi, shilingi ngapi kwa wote. Ukimtajia bei ya gauni moja moja anachoka, mtajie bei ya sare ya watu watano. Wawili wanaosafiri peke yao hesabu yao nyingine: gauni ni moja, ila linatakiwa liwe lile lenyewe. Huyo usimkimbizie punguzo, mpe vipimo sahihi na picha ya kitambaa mchana wa jua.

Msimu nao unatofautiana. Familia za kule zimefungwa na shule, zinasafiri katikati ya mwaka na Desemba, na nauli hupanda. Wasio na watoto wanaweza kusubiri Septemba na Oktoba, shule zimefunguliwa na nauli nyingi zimeshuka (ingawa huko Karibiani ndio msimu wa vimbunga). Kwa sisi wauzaji maana yake ni kwamba mwenye familia anahitaji mzigo uwe umefika mwezi wa tano, na yule wa pili anakuja wakati duka limepoa. Mimi nilikuwa naposti mara moja kwa mwaka halafu nalalamika soko gumu.

NILICHOBADILISHA

1. Katalogi yangu ya WhatsApp Business nimeigawa: sare za familia, nguo za jioni za wawili, nguo za mama zetu wa makamo. Kila fungu na linki yake. Simtumii mtu duka zima tena.

2. Kila mteja nimemwekea lebo. Nikiposti sare za watoto, natuma kwa wenye lebo hiyo tu.

3. Swali linatangulia picha. Na hapa naomba tuwe makini: siulizi "una watoto?" wala "umeolewa?" Nauliza: "Hongera kwa safari dada. Ni shughuli gani utaivalia, na niandae kwa watu wangapi?" Atakachotaka kunieleza atanieleza. Jibu lake linatosha kunionesha mlango wa kumpitisha, na sijagusa kidonda cha mtu.

4. Bei naitaja na vilivyomo: kushona, marekebisho, kutuma. Kuna meli nauli yake ya chini inavutia, halafu vinywaji, intaneti na migahawa mingine unalipia pembeni, na kuna nyingine nauli iko juu lakini mengi yamo. Zote zina wateja. Anayekwazika ni yule aliyegundua tofauti mbele ya safari.

Mnaniuliza ipi bora, ya familia au ya watu wazima? Sare ya watu watano imenilipa vizuri, na magauni ya jioni yamenilipa vizuri pia. Bora ni ile inayomjua aliyepanda.

Yule dada wa gauni jekundu nilimshonea lingine baadaye, bure, nikamtumia bila maneno mengi. Hakuagiza kitu miezi mitano. Mwezi uliopita akaniandikia: "Dada, tunasafiri tena, sisi wawili. Niulize lile swali lako." Nikamuuliza. Gauni liko kwa fundi sasa hivi.

Wewe je, kwenye biashara yako ni swali gani unatakiwa kuuliza kabla ya kutuma picha? Liandike hapo chini kwenye komenti tuchukue na sisi. Na kama una mwenzako anayetuma katalogi nzima kwa kila aliyesema "mambo", mtag kwa upole.