Sola ya Nyumbani Ishiara: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Jua si shida Ishiara. Kufikia saa tano asubuhi mabati hayashikiki kwa mkono. Swali linalowasumbua wakazi wengi ni kama paneli ikiwekwa juu ya mabati hayo itarudisha pesa zake, au itakuwa deni jingine la kumaliza bei ya ndengu kabla hazijavunwa.

Jibu haliko kwenye jua. Liko kwenye gharama ambayo paneli hiyo inakuja kuondoa. Nyumba mbili zinazopakana, zenye jua lile lile, zinaweza kupata majibu tofauti kabisa.

Nyumba ya kwanza haina stima. Tuseme ina simu mbili, kila moja ikipelekwa kuchajiwa sokoni mara tatu kwa wiki kwa shilingi 20. Hizo ni shilingi 120 kwa wiki, sawa na 6,240 kwa mwaka. Ongeza mafuta ya taa ya shilingi 75 kwa wiki, yaani 3,900 kwa mwaka. Bila kuhesabu mwendo wa kwenda sokoni, wala moshi unaowaingia watoto machoni wakisoma, nyumba hiyo inatumia shilingi 10,140 kila mwaka. Seti ndogo ya taa, redio na chaja ikinunuliwa taslimu kwa, tuseme, shilingi 18,000, itakuwa imejilipa kabla ya miaka miwili kuisha. Hapo sola inafaa, na inafaa sana.

Lakini wengi hawanunui taslimu. Hulipa kidogo kidogo kwa simu. Seti hiyo hiyo ikitolewa kwa malipo ya kwanza ya shilingi 3,000, kisha 55 kila siku kwa siku 420, jumla inafika 26,100. Tofauti ni 8,100, na huo ndio ukodi wa pesa hata kama muuzaji hautaji. Jambo la kuangalia zaidi ni hili: nyumba iliyokuwa ikitumia karibu shilingi 28 kwa siku kwa mafuta na kuchaji, sasa inatakiwa kutoa 55 kila siku kwa miezi 14. Anayeuza muguka kila wiki anaweza kuzipata. Anayetegemea ndengu na mtama hupata pesa nyingi kwa siku chache baada ya mavuno, kisha hukaa miezi bila kitu. Seti nyingi za aina hii hujizima malipo yakikoma, hivyo giza hurudi wakati ule ule njaa inapobisha. Mkulima wa namna hiyo ni afadhali asubiri mavuno, anunue taslimu, au aulize kabla ya kutia sahihi kama anaweza kulipia miezi kadhaa mara moja, na kama muuzaji anaruhusiwa kuichukua seti akichelewa.

Nyumba ya pili ina stima tayari. Inatumia uniti 25 kwa mwezi, taa, televisheni na simu basi. Kenya Power huwatoza bei ya chini zaidi wateja wa nyumbani ambao wastani wao hauzidi uniti 30 kwa mwezi. Hata tukihesabu uniti moja kwa shilingi 25 pamoja na kodi, tokeni za mwaka mzima ni shilingi 7,500. Mtu akija na mfumo wa shilingi 120,000 akisema utamaliza bili, hesabu yake inahitaji miaka 16, na betri itakuwa imekufa zamani. Kwa nyumba hii sola ni ya kuziba siku za stima kupotea, na taa mbili tatu za kuchaji zinatosha. Mwenye duka la nyama au vinywaji baridi ana hesabu nyingine, kwa sababu friji yake ikizimika siku mbili hasara inapita bili ya miezi.

Betri ndiyo inayoamua

Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi, ile inayofanana na ya gari, mara nyingi hudumu kati ya miaka mitatu na mitano, na hapa Mbeere joto huipunguzia maisha. Kwa kawaida hukadiriwa kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wake karibu nusu. Kuiweka kwenye stoo ya mabati yasiyo na dari ni kuichoma polepole. Iwekwe chumba chenye kivuli na hewa, isiachwe ikashuka chini ya nusu. Betri ya lithiamu ni ghali zaidi kununua, lakini hudumu muda mrefu zaidi na hustahimili kutumiwa karibu yote.

Paneli nazo huchoka na joto: hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi juu ya 25. Fundi aache nafasi ya hewa kati ya paneli na mabati, na ailaze kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi.

Ukubwa haukisiwi. Taa nne za wati 5 kwa saa tano, televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa nne, redio na simu tatu hufika takriban wati-saa 260 kwa siku. Kwa jua kali la saa tano na upotevu wa kawaida, paneli ya wati 80 ingetosha, lakini mawingu ya Julai yanataka wati 100. Pasi na birika la umeme visahauliwe.

Kuna matumizi ambayo hayahitaji betri kabisa. Wenye mashamba karibu na mto Thuci wanaweza kusukuma maji mchana na kuyaweka kwenye tangi lililoinuliwa. Tangi ndilo betri, na joto haliliui. Kama pampu ya petroli inameza lita kila siku ya kumwagilia, hapo ndipo sola hujilipa haraka.

Kanuni za mwaka 2012 ziliweka sharti kwamba anayefunga sola awe na leseni, ambayo sasa hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mkazi aitishe leseni hiyo kabla ya kulipa, aangalie alama ya KEBS kwenye bidhaa, na apewe risiti na dhamana iliyoandikwa, ya betri ikitajwa kando na ya paneli. Wauzaji wengi hutaja miaka ya paneli kwa sauti kubwa na ya betri kwa kunong'ona.