Kipaji na Mafunzo: Hesabu Iliyofichika katika Mchezo wa Dadu

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa vijitabu vitatu vyenye kanuni za mchezo walioupa jina la Dungeons & Dragons, yaani Mahandaki na Majoka. Mchezo huu hauna ubao wa kushindania kama sataranji, wala hauna mshindi. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa mwamuzi, naye huwasimulia wenzake mahali walipo na mambo yanayowakabili. Kila mmoja wa waliosalia humwongoza mhusika wa kubuni na kueleza atakalotenda. Jambo lisilokuwa na hakika huamuliwa kwa kurusha dadu. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo niliwaona wanafunzi wenzangu wakiucheza usiku kucha, na wakibishana juu ya nambari kwa ukali ambao sikupata kuuona katika semina zetu.

Ubishi huo haukuwa wa bure. Kanuni za mchezo zinajaribu kujibu swali ambalo kila mwalimu wa sekondari hulikuta anapowagawa wanafunzi katika michepuo: je, mafanikio ya mtu hutokana kwa kiasi gani na kipaji alichozaliwa nacho, na kwa kiasi gani na mafunzo?

Mhusika wa mchezo huu hupimwa kwa sifa sita: nguvu, akili, busara, siha, wepesi na haiba. Katika kanuni za mwaka 1974 kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida na kuzijumlisha. Jumla ndogo kabisa ni 3 na kubwa ni 18. Lakini jumla hizi hazina nafasi sawa ya kutokea. Dadu tatu zinaweza kuanguka kwa namna 216, yaani 6 × 6 × 6. Namna ya kupata 18 ni moja tu, ilhali namna za kupata 10 ni 27, na za kupata 11 ni 27 vilevile. Ukichora matokeo hayo utapata mchirizo wenye umbo la kengele: watu wengi katikati, wachache pembeni. Urefu wa watu wazima nao hufuata takriban umbo hilo, kwa sababu ni jumla ya athari ndogondogo nyingi.

Sasa tuangalie jambo ambalo wachezaji wengi hawalioni. Nafasi ya sifa moja kufikia 13 au zaidi ni 56 katika 216, karibu asilimia 26. Hiyo ni ndogo. Lakini mhusika ana sifa sita, siyo moja. Nafasi ya kuzikosa zote sita ni 160/216 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, nayo ni kama asilimia 17. Kwa hiyo wahusika 83 hivi katika kila 100 wana angalau sifa moja iliyo juu ya wastani kwa kiasi cha kuonekana. Anayepima sifa moja tu atawaona robo ya watu kuwa wenye vipaji. Anayepima sita atawaona zaidi ya robo tatu.

Baada ya kurusha dadu, mchezaji humchagulia mhusika wake kazi. Mwaka 1974 kazi zilikuwa tatu, nazo ni askari, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Kila kazi ilikuwa na sifa yake kuu: askari nguvu, mchawi akili, kasisi busara. Cha kushangaza ni kwamba katika vijitabu vile vya kwanza nguvu haikumwongezea askari uzito wa pigo lake. Ilibadili mwendo wake wa kujifunza tu. Mwenye nguvu 15 au zaidi aliongezewa asilimia 10 ya alama za uzoefu alizochuma. Mwenye 6 au chini alipunguziwa asilimia 20. Askari alihitaji alama 2,000 ili apande daraja la pili, hivyo wa kwanza alitosheka akichuma 1,819 na wa pili ilimbidi achume 2,500. Wote wawili walifika, ila hawakufika pamoja.

Kanuni za mwaka 2000 zilishika nadharia nyingine. Hapo hutumika dadu yenye nyuso 20, na nambari inayotoka hujumlishwa na nyongeza mbili, moja ya kipaji na moja ya mafunzo. Sifa ya 18 huleta nyongeza ya 4. Katika stadi iliyo ya kazi yake, mhusika wa daraja la kwanza anaweza kuwa na mafunzo ya 4, kwa hiyo kipaji na mafunzo huanza vikiwa sawa. Lakini mafunzo hukua kwa 1 katika kila daraja, hata yafikie 23 kwenye daraja la 20, wakati ambapo kipaji, hata kikiendelezwa kwa kadiri inayoruhusiwa katika kupanda madaraja, hufikia 6 tu. Nadhani nadharia hii ina busara kuliko ile ya kwanza, ingawa mimi si mchezaji.

Je, ni heri kundi la mabingwa, kila mmoja na fani yake, au kundi la watu wanaojua kila kitu kidogo kidogo? Tuchukue watu wanne na stadi nne. Kila mtu apewe alama 8 za mafunzo. Bingwa anaziweka zote katika stadi moja. Mjuzi wa yote anaweka 2 katika kila stadi. Jumla inayotakiwa na ifikie 15. Bingwa atafaulu kwa asilimia 70, mjuzi wa yote kwa asilimia 40, na asiyefunzwa kabisa kwa asilimia 30.

Ikiwa ni kufuli ambalo mtu mmoja tu anaweza kulijaribu mara moja, mabingwa wanashinda kwa mbali: 70 dhidi ya 40. Lakini ikiwa wote wanne wanaruhusiwa kujaribu, na inatosha mmoja afaulu, tofauti inakaribia kutoweka: mabingwa ni kama asilimia 90, na wajuzi wa yote 87. Na ikiwa ni lazima wote wafaulu, kama vile kumnyatia mlinzi usiku, wajuzi wa yote ndio walio mbele, 2.6 dhidi ya 1.9, ingawa makundi yote mawili yangefanya vyema kutafuta njia nyingine. Bingwa akiuawa, pengo lake ni kubwa zaidi, maana wenziwe wamebaki na 30 na wale wengine wangali na 40. Adam Smith, alipousifu mgawanyo wa kazi katika kiwanda cha pini mwaka 1776, alikuwa akiangalia hali ya kwanza tu kati ya hizi.

Kuna upande mmoja wa kanuni za zamani usiostahili kutetewa. Mwaka 1974 mhusika wa jamii ya vibeti hakuruhusiwa kupita daraja la sita la uaskari, hata angefanya nini. Mwaka 1978 wahusika wanawake waliwekewa kikomo cha nguvu kilicho chini ya kile cha wanaume. Kikomo cha wanawake kilifutwa mwaka 1989, na vikomo vya madaraja kwa jamii mwaka 2000. Katika kitabu cha mwaka 2024 nyongeza za sifa haziletwi tena na jamii ya mhusika bali na malezi na kazi aliyopitia kabla ya mchezo kuanza.

Mwalimu wa hesabu anaweza kulirudia jaribio la makundi mawili darasani, akibadili 15 kuwa 10 na kisha 19. Dadu ya nyuso 20 si lazima: vikaratasi 20 vyenye nambari, vikichanganywa ndani ya kofia na kurudishwa kila baada ya kuvutwa, vinatosha.